Ramani ya marehemu baba na maziwa mawili ya Nile: jibu kwa msomaji wa Goma

Mama mmoja wa Goma, mtaa wa Himbi, ametuandikia kuhusu ramani ya Afrika aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye alikuwa mwalimu wa jiografia. Anaeleza kwamba mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbilia Sake, aliitoa ramani hiyo kwenye kadri lake la mbao, akaikunja, akaibeba pamoja na hati za nyumba, na tangu siku hiyo mkunjo mpya unakatiza upande wa Kongo. Juu yake amesoma maneno Africae Tabula Nova na mwaka 1570. Baharini kuna meli zinazopigana, na nyuma ya karatasi kuna maandishi ya Kilatini. Anauliza kama ni ya kweli. Anauliza pia kwa nini Ziwa Kivu halimo, ilhali kusini ya ikweta yamechorwa maziwa mawili makubwa asiyoyatambua. Mwisho anauliza aitunze namna gani, kwa sababu jirani amemshauri aifunike kwa plastiki.

Mama, kwanza nakuomba usiipeleke kwenye plastiki. Sababu nitaieleza chini, lakini ombi hili haliwezi kungoja. Baada ya hapo nitaanza na swali lako la pili, lile la maziwa, kwa kuwa ndilo litakalokuwezesha kuisoma ramani hii vizuri hata ikionekana baadaye kwamba ni nakala ya karne iliyopita.

Ramani yenye jina hilo na mwaka huo ni kazi ya Abraham Ortelius wa Antwerp, mji ambao leo uko Ubelgiji. Alizaliwa mwaka 1527, akafariki mwaka 1598. Hakuanza kama mtaalamu wa nyota wala baharia: alianza kama mtu wa kutia rangi ramani zilizochapwa na wengine, na kwa kazi hiyo aliandikishwa katika chama cha mafundi wa sanaa cha mji wake mwaka 1547. Pole pole akawa muuzaji wa ramani, kisha mkusanyaji, na mwezi wa Mei 1570 akatoa kitabu chake, Theatrum Orbis Terrarum, chenye karatasi 53 za ramani zilizochongwa kwa ukubwa unaolingana na kuambatana na maelezo. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa atlasi ya kwanza kwa maana tunayoijua leo. Ramani ya Afrika uliyo nayo, ikiwa ni ya kweli, ilikuwa ukurasa wa kitabu hicho, na ndiyo maana nyuma yake kuna maandishi: ni maelezo ya bara la Afrika ambayo msomaji aliyasoma kabla ya kufunua ukurasa na kuikuta ramani yenyewe.

Ortelius hakufika Afrika. Kwa sehemu kubwa alifuata ramani kubwa ya karatasi nane iliyotolewa Venice mwaka 1564 na Giacomo Gastaldi, ambaye naye hakufika. Gastaldi aliwategemea Wareno waliokuwa wakizunguka pwani zetu tangu mwisho wa karne ya 15, pamoja na kitabu cha al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada aliyekulia Fez, ambaye alitekwa na maharamia baharini mwaka 1518 na kupelekwa Roma kwa Papa. Wazungu wanamwita Leo Africanus, na maelezo yake juu ya Afrika yalichapwa Venice mwaka 1550. Kwa hiyo pwani za ramani yako zimesimama vizuri. Ukifuata ukingo wa mashariki kwa kidole utaikuta Kilwa imeandikwa Quiloa, Mombasa imeandikwa Mombaza, na Malindi imeandikwa Melinde. Hiyo ni miji ya Waswahili iliyoandikwa kwa sikio la Kireno, na iko karibu na mahali pake.

Lakini ukiingia bara, wachoraji hao hawakuwa na shahidi aliyeona. Walichokuwa nacho ni Ptolemy.

Claudius Ptolemy aliishi Alexandria, Misri, katika karne ya 2, na katika kitabu chake cha jiografia aliandika kwamba mto Nile unatoka katika maziwa mawili yaliyo kusini ya ikweta, nayo yanapokea maji ya theluji kutoka Milima ya Mwezi. Habari hiyo aliipata wapi? Yeye mwenyewe anataja safari ya baharia mmoja, Diogenes, ambaye alikuwa akirudi kutoka India na alipokaribia pembe ya Afrika akasukumwa na upepo wa kaskazini kwa siku 25 kuelekea kusini, hadi karibu na bandari ya Rhapta iliyokuwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Baharia huyo alidai kwamba alifika karibu na maziwa yanayozaa Nile. Ptolemy alimsahihisha: akasema kwamba wafanyabiashara waliozoea kuvuka kutoka Uarabuni kwenda Rhapta walimweleza kuwa maziwa hayo hayako karibu na bahari, bali yako mbali sana ndani ya bara.

Naomba utulie kidogo hapo, Mama, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, mtu aliyekaa Misri alijua kwamba ndani ya bara letu kuna maziwa makubwa, kwamba yana uhusiano na Nile na kwamba kuna milima yenye theluji. Hakuyajua kwa macho yake. Aliyajua kwa sababu mtu wa bara alimwambia mtu wa pwani, na mtu wa pwani akamwambia mgeni mwenye jahazi. Idadi ilikosewa, na mahali palikosewa, lakini kiini cha habari kilikuwa cha kweli, na asili yake ni watu waliokuwa wakiishi kando ya maji hayo.

Kutoka kwa Ptolemy habari ilipita kwa wataalamu wa Kiarabu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika upya vipimo vya Ptolemy na kuvirekebisha, na nakala ya kitabu chake iliyoandikwa mwaka 1037, ambayo leo imehifadhiwa Strasbourg, ina ramani ya Nile inayoanza kwenye Jabal al-Qamar, yaani Mlima wa Mwezi, na kuingia katika maziwa mawili ya mviringo. Al-Idrisi aliyachora maziwa hayo mwaka 1154 katika ramani aliyomtengenezea Roger II, mfalme wa Sicily, ramani ambayo kusini iko juu na kaskazini iko chini. Ulaya ya magharibi ilikipata kitabu cha Ptolemy kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15. Ramani zake zilianza kuchapwa Bologna mwaka 1477, kisha Ulm mwaka 1482, na tangu hapo kila mchoraji akawa ananakili maziwa mawili kutoka kwa mwenzake. Hata Sebastian Münster wa Basel, ambaye ramani yake ya mwaka 1540 ni miongoni mwa ramani za kwanza zilizochapwa kuonyesha bara letu zima peke yake, aliyaweka maziwa hayo pale pale, na karibu na ghuba ya Guinea akamweka mtu mwenye jicho moja.

Sasa tazama majina uliyoniandikia. Ziwa la magharibi umelisoma Zaire, na la mashariki Zaflan. Jina la kwanza unalijua, kwani nchi yetu iliitwa hivyo kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Wareno walifika kwenye mdomo wa mto mkubwa katika miaka ya 1480, wakawauliza wenyeji jina lake, wakajibiwa nzadi, yaani mto, kwa Kikongo. Vinywani mwao neno hilo likageuka Zaire. Wachoraji wa Venice na Antwerp walijua kwamba mto mkubwa namna hiyo lazima uwe na chanzo kikubwa, kwa hiyo walilichukua ziwa la Ptolemy, wakalipa jina la mto, wakaufanya mto Kongo na mto Nile kuwa watoto wa mama mmoja. Ndiyo maana hulioni Ziwa Kivu. Mahali ambapo wewe unaishi pamefunikwa na dhana iliyotoka Alexandria.

Dhana hiyo ilidumu sana. Willem Blaeu wa Amsterdam, mwenye ramani nzuri kuliko zote kwa macho yangu, yenye picha za miji juu na watu wa mataifa mbalimbali pembeni, bado aliyachora maziwa hayo katika karne ya 17. Mfaransa d'Anville ndiye aliyethubutu kuyaondoa mengi mwaka 1749: kila kitu ambacho hakikuwa na shahidi alikifuta, na katikati ya Afrika akaacha karatasi tupu. Wengi wanamsifu kwa uaminifu huo, nami namsifu, ila sikubaliani na wanaosema kwamba weupe ule ulikuwa ujuzi mtupu. Uliwafanya wasomaji wa Ulaya waamini kwamba hapakuwa na kitu, kumbe hapakuwa na aliyewauliza wenyeji.

Walipokuja kuuliza, majibu yalikuwepo. Wamisionari Rebmann na Erhardt, waliokaa pwani ya Mombasa na Tanga, waliwahoji watu wa misafara, na ramani yao iliyochapwa mwaka 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Kosa lao lilikuwa kuunganisha Nyasa, Tanganyika na Nyanza, yaani Ziwa Victoria, kuwa maji mamoja, kwa sababu wasafiri wa njia tatu tofauti wote walisema kwamba njia yao inaishia ziwani. Ramani hiyo ndiyo iliyochochea safari ya Waingereza Burton na Speke, waliofika Tanganyika mwaka 1858. Walipokuwa Uvira walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka katika ziwa au unaingia, wakitumaini kwamba unatoka na kwenda Nile. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba unaingia. Haikutosha. Ilibidi Livingstone na Stanley wapige makasia hadi mdomo wa mto huo mwaka 1871 ndipo jibu la watu wa Uvira likubaliwe. Ziwa lako lenyewe, Kivu, lilingoja mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alipopanda Nyiragongo kisha akashuka hadi ufukweni.

Ortelius alikuwa na tabia moja ambayo wengi wa zama zake hawakuwa nayo: mwanzoni mwa atlasi yake aliorodhesha wachora ramani aliowategemea, majina 87 katika chapa ya kwanza, na orodha hiyo iliendelea kukua hadi ikafika 183 baada ya kifo chake. Ninaiheshimu sana orodha hiyo. Lakini nimeitafuta mara nyingi nafasi ya wale waliowaambia Wareno nzadi, na wale waliowaambia wafanyabiashara wa Rhapta habari za maziwa, na haimo.

Tuje sasa kwenye swali la ukweli wa karatasi. Kwa picha za simu siwezi kukuhakikishia, na mtu yeyote atakayekuhakikishia kwa picha tu usimwamini. Lakini wewe mwenyewe unaweza kuipima nyumbani. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, kisha ilaze ramani juu ya kitambaa safi mezani asubuhi, karibu na dirisha, mahali jua lisipoigonga.

Anza na ukingo. Ramani za Ortelius zilichapwa kwa bamba la shaba: fundi alichonga mistari kwa ncha ya chuma, akapaka wino, akafuta uso wa bamba ili wino ubaki ndani ya mistari tu, akaweka juu yake karatasi yenye unyevu na kuipitisha katikati ya magogo mawili yanayokandamiza kwa nguvu. Bamba liliingia ndani ya karatasi na kuacha mpaka. Pitisha ncha ya kidole, taratibu sana, kutoka pembe tupu ya karatasi kuelekea kwenye mchoro: sentimita moja hivi kabla ya kuufikia, unapaswa kuhisi ngazi ndogo, kama alama ya sahani iliyokaa juu ya unga. Kwa ramani hii eneo la ndani ya ngazi hiyo huwa karibu sentimita 37 kwa 50. Ngazi ikikosekana kabisa pande zote, na pembe hazikukatwa, shaka iwe kubwa.

Kisha tafuta lenzi. Hata ile ya kusomea ya wazee inafaa. Itazame moja ya zile meli zinazopigana kwenye pembe ya kulia, chini. Mstari uliochongwa kwa mkono huanza mwembamba kama unywele, hunenepa, halafu huishia kwa ncha, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi. Rangi nayo iliwekwa kwa brashi, kwa hiyo mahali pengine inavuka mpaka na mahali pengine haifiki. Lakini ukiona kwamba rangi na mistari vyote vimeundwa na vidoti vidogo vidogo vilivyopangwa sawasawa, kama picha ya gazeti, basi una nakala iliyopigwa kwa mashine za kisasa. Nakala hizo ziko nyingi. Watu wamezitundika kwenye sebule zao kwa miaka mingi, na waliowauzia hawakuwa wadanganyifu siku zote.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inue karatasi kwa mikono miwili, mwanga wa dirisha uwe nyuma yake. Karatasi ya karne ya 16 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyopondwa yakawa uji, yakachotwa kwa chekecheke la nyaya. Nyaya hizo ziliacha kivuli: mistari mingi myembamba iliyobanana, na mistari michache inayoikatiza, yenye nafasi ya sentimita mbili au tatu kati yake. Ukiiona, karatasi imetengenezwa kwa mtindo wa kale. Ukiona mwanga umetawanyika sawasawa bila mstari wowote, basi ni karatasi ya mtindo ulioanza katikati ya karne ya 18 au baadaye. Angalia pia katikati, nyuma: ukurasa wa atlasi ulikunjwa mara moja na kubandikwa kwenye kipande chembamba cha karatasi ili ushonwe kitabuni, na mara nyingi kipande hicho au alama yake hubaki. Mwisho angalia nyuma ya sehemu zilizotiwa rangi ya kijani. Kijani cha zamani kilitokana na kutu ya shaba, nayo hula karatasi. Baada ya karne nne nyuma yake hugeuka kahawia. Madoa hayo ya kahawia ni dalili njema ya umri, ingawa ni dalili mbaya ya afya: mahali hapo usipakunje tena kamwe.

Hapo ndipo tunarudi kwenye plastiki. Mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki huyeyusha gundi kwa moto na kuizamisha ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna fundi atakayeitoa baadaye bila kuharibu. Hali kadhalika skochi: inageuka njano, gundi yake inapenya, na doa halitoki. Miaka kadhaa iliyopita niliona hapa Bukavu ramani ya karne ya 18 ambayo fundi wa makadri alikuwa ameibandika yote juu ya tripleksi kwa gundi ya seremala ili inyooke. Ilinyooka kweli. Masika ya pili mbao ilivimba, na karatasi ikapasuka kutoka Luanda hadi Sofala. Sijaisahau sauti ya mwenye ramani aliponiuliza kama kuna dawa, nami nikakosa la kumwambia.

Mkunjo wako mpya, Mama, usiupige pasi. Ilaze ramani wazi kati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na asidi, au kwa kukosa hizo, kati ya vitambaa vya pamba vilivyofuliwa bila rangi, juu yake weka ubao mwepesi, na uiache majuma kadhaa. Mkunjo hautatoweka, lakini utatulia. Kisha itunze ikiwa imelala, katika kasha pana, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, mbali na jiko la makala kwa ajili ya moshi. Kwenu Goma kuna adui mwingine ambaye sisi wa Bukavu hatumjui kwa kiasi hicho: hewa ya volkano ina salfa, na salfa ikikutana na unyevu wa ziwa hugeuka asidi inayodhoofisha karatasi. Kasha lifungwe vizuri kila siku mlima unapotoa moshi mwingi. Ukitaka kuitundika sebuleni, piga picha yake nzuri, utundike picha.

Kuhusu thamani sitasema mengi. Ramani ya kale na ramani adimu ni vitu viwili. Atlasi ya Ortelius ilichapwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 40, kwa Kilatini na lugha nyingine sita, kwa hiyo ramani yake ya Afrika si adimu, ingawa inatafutwa. Adimu ni kama ile ya dunia ya Martin Waldseemüller ya mwaka 1507, ambayo imebaki nakala moja tu, iliyonunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwa dola milioni 10. Kinachoweza kuongeza heshima ya ramani yako ni historia yake: baba aliipata kwa nani, mwaka gani, mji gani. Waulize wazee wa familia sasa, uandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya ramani. Angalia pia kama kuna muhuri wa maktaba nyuma. Wizi wa ramani kutoka vitabuni upo. Mwaka 2005 muuzaji mmoja wa ramani alikamatwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale akiwa amezikata kwa wembe, na baadaye akakiri kuiba karibu mia moja. Ukiuona muhuri, usiogope, lakini usiuze kabla ya kuulizia.

Ukimaliza vipimo hivi na vyote vikikubali, nakili kwa mkono mistari mitatu ya kwanza ya Kilatini iliyo nyuma, pamoja na namba ya ukurasa iliyochapwa hapo, uniandikie. Bamba la shaba lilikuwa lile lile na mwaka 1570 ulibaki juu yake muda wote, lakini maandishi ya nyuma yalipangwa upya kwa kila chapa, na namba ya ukurasa ilibadilika kila atlasi ilipoongezwa ramani mpya. Kwa mistari hiyo na namba hiyo tutaweza kulinganisha na orodha za chapa zinazojulikana na kupata mwaka ambao karatasi yako ilitoka mashineni.